Mbweu za Idi

Papa mkavu ananuka. Nimesema, na anayetaka kunitoa ukoo anitoe. Akichemka jikoni kwa bibi yetu, Makorora, paka wa mtaa wa Chumbageni huhama, na kanzu yangu niliyoifukiza udi wiki nzima hunuka kama kikapu cha mchuuzi wa samaki. Na kila Idi Ndogo lazima tumle, kipande kimoja kimoja, kabla mtu hajagusa pilau.

Ndiyo mila yetu. Bibi alipokuwa mtoto, Idi moja ilifika baba yake hajarudi kutoka shamba la mkonge. Mtaa mzima ulipika nyama. Mama yake akachemsha papa, kisha akawatoa watoto barazani wapige mbweu kwa nguvu, majirani wadhani nao wameshiba nyama. Basi nasi humeza yule papa huku bibi akisimulia, halafu ukoo mzima tunatoka barazani kupiga mbweu. Nimesoma masomo ya jioni miaka minne, nikavuna adabu zote za watu wazima. Zinaishia pale kizingitini. Shemeji yangu mmoja hupiga mbweu mpaka mabati yanatikisika, na mate juu. Kinyaa hunipanda hadi kwenye nyusi.

Lakini kinyaa hasa nilikipata mwaka jana. Binamu yangu wa Dar alimrekodi bibi kwa simu, mdomo wazi, akapachika muziki, akamrusha mitandaoni watu wamcheke. Papa nimemtapika mara mia. Video ile ilinitapisha bila papa. Tukakubaliana bibi asiambiwe. Kumbe vijana wa sokoni walishaanza kumwita Bibi Mbweu.

Mwaka huu tulipoketi mkekani, bibi aliweka bakuli la papa, akafunua sinia la pilau, akasema, "Kuleni."

"Na hadithi, bibi?" nikauliza.

"Si mnayo kwenye simu, mume wangu? Fungueni mtazame."

Binamu akainama, akawa anatoa karafuu moja moja kwenye wali ambao hajauonja. Hakuna aliyekula. Niliona hadithi inatufia pale mkekani, na tumbo langu, lisilo haya, likafurahi kwamba bila hadithi hakuna papa. Nilijichukia. Nikachukua kipande kikubwa kuliko vyote, nikakitia mdomoni. Chumvi, miba, na harufu ya choo cha stendi. Machozi yakanitoka. Nikaanza mwenyewe.

"Basi palikuwa na watoto kumi na wawili, hawajala siku tisa."

"Tulikuwa wanne," bibi akasema, bila kunitazama.

"Wanne. Wakatoka barazani, mbweu zao zikasikika hadi Pangani."

"Nani kakwambia? Mdogo wangu alitapika palepale barazani, majirani wakamwona papa. Wakacheka. Mama akaingia ndani, hakutoka siku mbili."

Hiyo hatukuwahi kuisikia. Miaka yote alitufikisha kwenye mbweu, sisi tukicheka, akatuacha hapo.

"Kaiweke simu yako nje," akamwambia binamu, "kisha uje ule."

Binamu akaenda, akarudi, akachukua kipande. Bibi akaanza upya, polepole, toka asubuhi ya siku ile. Hakuna aliyetoka barazani kupiga mbweu. Tulimtafuna papa, na wallahi, tangu nizaliwe sijala kitu kibaya kama kile.