Ukuta wa Shirley

Nyabate aliingia darasa la ngumbaru akiwa na miaka hamsini na mbili, na kambi nzima ikamcheka. Mtu amechuma chai tangu usichana, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu, leo anataka Kiingereza cha nini? Siri ya mtungi aijuaye kata.

Binti yake wa pekee, Shirley, alikufa kwa nimonia miaka tisa iliyopita, akiwa darasa la tano. Aliacha madaftari sita. Baridi ya Kericho haina huruma, na nyumba za kambi zina nyufa. Nyabate, ambaye wakati huo hakujua a wala be, aliyachana akayabandika ukutani, kama wengine wanavyobandika magazeti. Aliona vizuri mwandiko wa mtoto umkinge upepo. Gundi aliipika mwenyewe kwa unga wa ngano, nzito, ishike.

Sasa alitaka kuusoma ukuta wake. Kilichomtoa jasho ni sauti moja yenye sura tatu. Mwalimu Kepher aliandika ubaoni her, akaandika first, akaandika hurt, akasema katikati ya maneno hayo sauti ni ile ile. Nyabate aliona Waingereza wanamchezea. Hata Shirley, kumbe, alikuwa nayo katika jina lake. Akawa anairudia shambani, her, first, hurt, mpaka Chepkemboi wa mstari wa pili akamwuliza kama anaongea na majani.

Mwaka huu kampuni ikaleta mashine za kuchuma. Wachumaji wakaambiwa wawe wamehama nyumba mwisho wa mwezi. Zikiwa zimebaki siku nne, Nyabate akaufikia ukurasa wa kando ya kitanda, akausoma kwa kidole:

*My mother is the first to wake. Her hands hurt. She does not tell me but I know. When I am big I will*

Basi. Hapo karatasi iliisha. Nyabate alikuwa ameificha ile mikono miaka yote, na mtoto alikuwa ameiona. Alilia mpaka kwikwi ikamshika. Yaliyobaki yalikuwa upande wa pili, ule uliotazama ukuta, na nyumba ilikuwa ya kampuni.

Alimwita mwalimu. Kepher akaja na beseni la maji ya vuguvugu na kitambaa.

“Mama Shirley, usivute,” alisema. “Lowesha kwanza. Pole pole.”

Nyabate alilowesha, akangoja, akalowesha tena. Karatasi ilitoka vipande vipande kama ngozi ya kiazi kilichoiva. Wino ukamwagika viganjani, bluu tupu, na hata upande aliokwisha kuusoma ukaenda nao. Ukutani ilibaki gundi, nyeupe, imara.

Nyabate alipitisha kidole pale palipokuwa na maneno.

“Nilibandika vizuri sana, Mwalimu,” alisema.