Kikao Kilichoniaga Nikiwa Nje

Alhamisi, katikati ya Juni. Asubuhi ilikuwa na baridi kavu, na upepo ulikuwa unazoa vumbi la barabarani na kulimwaga kwenye chai za watu. Ndiyo siku pekee katika miaka mitano ambayo joho la umeya limefanya kazi ya maana, yaani kunipa joto. Siku nyingine zote nilikaa ndani yake kama mtu anayejifukiza.

Leo kilikuwa kikao cha mwisho kabla baraza la madiwani halijavunjwa. Fomu ya kugombea sichukui tena. Wapo wanaosema naogopa kushindwa, na siwezi kuapa kwamba wamekosea. Nikijiuliza nimefanya nini, naona vyoo vya shule. Nimekata utepe wa vyoo vingi, na kila mara nilipewa mkasi usiokata. Kalavati la kuelekea Mwamkulu watu wananisifia mimi, lakini lilipangwa na aliyenitangulia. Mimi nilikuta zege limeshakauka.

Ajenda kubwa ilikuwa kuwahamisha wauza dagaa kutoka kando ya stendi kwenda soko jipya, nje ya mji. Nyuma ya vibanda vyao kuna zahanati, na wagonjwa wanalalamikia harufu na nzi. Wauzaji nao wanasema kule sokoni wateja hawafiki. Mke wangu anauza dagaa wa Ikola palepale stendi tangu sijawa hata mjumbe wa nyumba kumi.

Kanuni inasema mwenye maslahi ayatamke, atoke. Asubuhi nilimwambia hivyo wakati anafunga kilemba.

“Wewe kaa kwenye kiti chako, baba,” akasema. “Nani asiyejua nauza dagaa?”

“Wote wanajua.”

“Sasa kama wanajua, utawatangazia nini?”

Nikachukua joho langu nikatoka.

Kikaoni alikuja na wenzake wauza dagaa, wakakaa viti vya nyuma, vya wananchi. Ilipofika ajenda yao nikasimama, nikatamka. Diwani mmoja, ambaye hajawahi kuacha jambo lipite bila neno lake, akasema, “Mstahiki, humu wote tunakula dagaa. Wenye maslahi wakitoka, atabaki mlinzi.” Ukumbi ukacheka. Nikavua joho nikampa naibu wangu. Yeye ni mfupi, likamfunika mpaka viatu, akawa kama mtoto anayepelekwa kubatizwa. Nikapita mbele ya mke wangu. Alikuwa anaangalia dari.

Nje nilimkuta dereva anafuta kioo cha gari.

“Mstahiki, wamekufukuza?”

“Nimetoka mwenyewe.”

“Wote wanasemaga hivyo.”

Nikakaa kwenye ngazi. Nilikuwa na hotuba ya kuaga, nikaanza kuirudia moyoni. Ilikuwa na methali mbili na sehemu ya kunyamaza kidogo, ili watu waone nimeguswa. Nikiwa palepale pa kunyamaza, nikasikia makofi marefu, halafu viti vikiburutwa. Watu wakaanza kutoka.

Naibu alikuja bado amevaa joho, amelikunja kwa mkono lisiburuzike. Wauza dagaa wamehamishwa, akaniambia. Kura zilifungana, ikabidi yeye, kama mwenyekiti wa kikao, aamue, akaamua kwa ajili ya wagonjwa. Kisha ikafuata ajenda ya kuagana, naye akasahau kuniita.

“Lakini nimekusifu sana,” akasema. “Ungesikia ungelia.”

Sina ugomvi naye. Mimi niliwahi kufunga kikao mhandisi akiwa bado amesimama anasoma taarifa ya visima. Kilichoniuma ni ile kura. Kama ningebaki kwenye kiti, ya kuamua ingekuwa yangu, na wale wanawake walilijua hilo kabla yangu. Mmoja alipita akasema, “Shemeji, asante kwa kutupisha.”

Gari nililiacha. Nikatembea na mke wangu mpaka nyumbani, yeye mbele. Alipofika jikoni ndipo akaniuliza.

“Ungekuwa ndani, ungeamua wapi?”

Nikafikiria kusema sijui. Lakini nimewahi kukaa kwenye benchi la zahanati ile na mtoto ana homa, nimeona nzi walivyo.

“Ningewahamisha,” nikasema.

Akachochea moto.

“Kwa hiyo ulitoka ili usinihamishe mbele za watu.”

“Labda. Nilidhani natoka kwa ajili ya kanuni.”

“Ungeniambia asubuhi. Ningewahi soko jipya, nikachagua pa kukaa, pale karibu na lango, kabla wenzangu hawajajua.”

Nikamwambia hilo nalo lingekuwa kosa, tena kubwa kuliko lile la kubaki kwenye kiti. Akasema anajua, ila lingekuwa kosa lenye faida, na katika umeya wangu wote hajaona hata moja la namna hiyo.

Kesho nafasi zinagawiwa, anayewahi ndiye anayepata. Ameniambia nitabeba miti ya kibanda, kwa kuwa sina kikao. Nimekubali. Sijui kama wateja watafika kule, na yeye hajui. Ada ya mtoto wa mwisho inategemea hilo.

Tulikula ugali na kisamvu cha jana, kimepashwa moto. Watoto walipakuliwa kwanza, mimi nikapewa kilichobaki kwenye sufuria.