Utepe wa kuvuta mara moja

Admin, nifichie jina langu, Rusizi ni ndogo na watu wanajuana. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita. Nilikulia Bukavu, ng'ambo ya Congo, tukarudi Rwanda nikiwa msichana, na sasa ni fundi wa nguo hapa Kamembe. Nina binti wa miaka kumi na moja, nitamwita Keza. Alipokuwa mdogo aliangukia sufuria ya maharage yaliyokuwa yanachemka. Upande wa kushoto wa uso wake umekunjamana, sikio halipo, na jicho halifungi hata akilala. Daktari alituambia wazi kwamba asipofanyiwa operesheni jicho hilo litakauka na hataona nalo tena. Tumehangaika huku na huku, hatujapata wa kutusaidia.

Kuna mama mmoja anaongoza chama cha kusaidia watoto walioungua. Sisi tunamwita Maman Présidente. Alinikuta kwenye cherehani yangu, akaniambia wanaandaa bal kwenye hoteli moja kando ya ziwa, dansi ya kukusanya msaada, na kila mtu atavaa maske iliyotengenezwa kwa mkono ili kufunika uso. "Na Keza akuye," akasema, yaani naye aje. "Siku moja tu acheze na batoto benzake, bila muntu kumuangalia vibaya." Nilimshukuru mpaka machozi yakanitoka. Hayo machozi leo ndiyo yananichukiza kuliko yote.

Maske tuliitengeneza pamoja, mimi na Keza. Tulibandika magazeti juu ya bakuli kwa uji wa unga wa muhogo, tabaka juu ya tabaka, tukaanika juani. Juu yake nikashonea mabaki ya kitenge cha bluu. Kuzunguka macho Keza akabandika punje za mchele wa Bugarama alizozipaka rangi ya dhahabu, ulimi nje, hataki kusemeshwa. Manyoya ya jogoo aliyaweka yote upande wa kushoto. Nikamwambia mbona yameelemea. Akanijibu, "Maman, huku ndiyo wanaangaliaga. Basi wakute manyoya."

Kwa kuwa sikio halipo, nilitaka kuishikisha kwa lastiki pana inayozunguka kichwa chote. Maman Présidente alipokuja kuiona akakataa. "Hapana, Maman Keza. Lastiki itaumiza mutoto. Weka utepe, na ufunge fundo ya kuvuta mara moja tu." Nikasema moyoni, huyu mama ana roho nzuri kweli. Nikatafuta utepe mwekundu soko zima.

Siku yenyewe Keza alicheza. Wasichana wengine walimuuliza jina lake na nani kamshonea maske, hakuna aliyeuliza umefanya nini usoni. Nilikuwa nimesimama ukutani na akina mama wengine, nimejaa furaha. Halafu muziki ukazimwa. Maman Présidente akashika mikro, akamwita Keza mbele. Keza alikimbia, alidhani maske yake imeshinda.

Yule mama akamshika bega, akaongea maneno mazuri kuhusu watoto wanaoteseka, huku mkono mwingine ukipita nyuma ya kichwa cha mtoto wangu. Akavuta. Mara moja tu, kama alivyoniagiza. Maske ikaanguka chini, na pale ndipo nilielewa fundo lile lilikuwa la nini. Simu zikanyanyuliwa. Keza akafunika uso kwa mikono, na Maman Présidente, akitabasamu, akamshusha mikono ile taratibu ili wapige picha vizuri.

Nilipita katikati ya meza nikamfunika mwanangu na kitenge changu. Watu walilia, wakatoa msaada, kisha waliolia wakarudi kwenye sambaza zao, vile visamaki vya ziwani, na bia. Mlangoni yule mama akanikumbatia. "Umeona vile batu balilia? Njo kazi hiyo, Maman," yaani ndiyo kazi yenyewe. Marashi yake bado nayasikia kooni, na nikiyakumbuka natamani kutema.

Sasa amepiga simu. Chama kitalipia operesheni yote, lakini kwanza kuna bal nyingine Kigali, na anamtaka Keza. Nilipomwambia simpeleki, akaniuliza, "Bila Keza, bageni batatoa juu ya nini?" Mume wangu anasema tukubali. "Ile haya ni ya dakika moja. Jicho ni la maisha." Nilimtukana, nikamwambia anauza uso wa mtoto. Lakini kila asubuhi nafuta lile jicho lililoiva wekundu, nikiona linavyozidi kukauka.

Juzi tulikuwa tunabishana, hatukujua Keza anasikia. Akaingia na maske yake mkononi, manyoya mawili yamevunjika. Hakulia. Akasema, "Maman, nitaenda. Mi nataka jicho. Lakini safari hii ufunge fundo ya kweli, asiweze."

Na leo asubuhi Maman Présidente ametuma ujumbe akikumbusha kwamba utepe uwe uleule.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, wenye watoto na msio nao, msinionee aibu, niambieni. Nifunge fundo gani?