Nyumba Haina Mke

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Jumanne moja ya mwezi wa Novemba, karani wa ofisi ya akiba na mikopo mjini Keroka alinirudishia barua yangu kupitia kidirisha cha kioo, akaniuliza kama marehemu alikuwa mtu mmoja au wawili.

Nilimjibu kwamba alikuwa mmoja.

"Basi angalia hapa, mzee," akasema. Alikuwa binti wa kutoka upande wa ziwa, mwenye kalamu nyekundu. "Hapa juu umeandika 'he'. Mstari wa nne ni 'she'. Huku chini amerudi kuwa 'he'. Na huyu mama uliyekuja naye, ni mke wa nani?"

"Ni mke wa nyumba."

"Nyumba haina mke, mzee. Mtu ndiye huwa na mke."

Alichora duara tatu nyekundu kwenye barua. Kila palipokuwa na duara niliandike neno 'his', akasema, na wale 'she' wa marehemu niwafute. Nikileta nakala safi ataipitisha, na kufikia Ijumaa mama atakuwa amelipwa. Nakala ya kitambulisho cha marehemu niliyokuwa nimeambatisha ilitoka nyeusi kwenye mashine, na usoni huwezi kuona chochote ila sikio moja. Karani hakuiuliza.

Marehemu alikuwa mjane wa ndugu mkubwa wa baba yangu, kwa hiyo nilimwita mama mkubwa. Hakujaliwa mtoto. Mume alipofariki, alibaki na nyumba yake Manga, shamba la majani chai, na namba ya mkulima kwa jina lake. Kwetu mama wa namna hiyo anaweza kuoa. Anatoa mahari kama mtu mwingine yeyote, analeta msichana nyumbani, na watoto watakaozaliwa wanakuwa wa nyumba yake. Msichana huyo anahesabiwa kuwa mkamwana, mke wa mtoto wa kiume ambaye angezaliwa. Kwamba mtoto huyo hakuzaliwa hakuzuii kitu. Mimi, kama binamu ya huyo asiyekuwepo, nilimwita mkamwana shemeji, na ndivyo nilivyomwita kwa miaka ishirini na mbili bila mtu kuniuliza swali.

Mama mkubwa alifariki mwezi wa Agosti. Bonasi ya majani chai ilipotoka, iliingia kwenye akaunti yake, na akaunti ikafungwa. Shemeji alitaka vitu viwili: pesa hizo, kwa sababu watoto watatu walikuwa shuleni, na ile namba ya mkulima, kwa sababu bila namba majani unayochuma hayana pa kupelekwa. Kwa wakati huo alikuwa akiyapima kwa namba yangu. Mimi ndiye mwandishi wa barua wa kijiji chetu. Nilimaliza darasa la nane, na mengine nimejifunza mwenyewe. Barua za ofisi huandikwa kwa Kiingereza, na hadi Jumanne ile sikuwa nimepata malalamiko.

Ningeweza kunakili alama za karani na kurudi kesho yake. Sikufanya hivyo, kwa kuwa sipendi kuandika neno nisilolielewa. Nilipita sokoni nikanunua kitabu cha sarufi kilichokwisha kupoteza jalada, na kaunta buku ya kurasa mia moja.

Nilifanya kazi hiyo kwa wiki tatu. Ugumu wenyewe unaelezeka kirahisi. Katika Ekegusii, lugha yetu, mtu ni mtu, na katika Kiswahili ni yeye. Ukitaka kujua kama ni mwanamume au mwanamke, unamwangalia. Kiingereza hakikuruhusu kuendelea na sentensi kabla hujatangaza. Tena kuna suala la mali. Sisi tunasema kitabu chake, ng'ombe wake, nyumba yake: neno linafuata kile kitu, na mwenyewe anaweza kuwa yeyote. Kiingereza kinakipita kitu bila kukiangalia na kwenda moja kwa moja kwa mwenyewe, kumkagua. Niligawa kurasa katika safu nne, nikajaza.

Mazoezi niliyafanya shambani. Shamba letu liko juu ya njia, na kila aliyepita chini nilimtaja kwa sauti: 'he', 'she', 'she', 'he'. Mke wangu alichuma mistari miwili akinisikiliza.

"Unahesabu watu?"

"Nawapanga."

Mjomba wangu akapita na pikipiki. "He," nikasema.

"Huyo ni mjomba wako," mke wangu akasema. "Ulikuwa na shaka?"

Akapita mwalimu mmoja wa kike na mwavuli wake. Nikasema, 'she', halafu, 'her umbrella'.

"Umejuaje kama mwavuli ni wake? Wanaazimana pale shuleni."

Nilikubali kwamba hilo sikuwa na hakika nalo.

Wiki ya tatu nilirudi kwenye barua. Nilisoma duara tatu za karani kwa mara ya kwanza nikielewa. Zilisema kwamba mama mkubwa alikuwa mwanamume. Karani alidhani ni mume aliyekufa akamwacha mke, na kwamba mimi sijui kuandika. Halafu niliandika barua mpya kutoka mwanzo. Niliandika kwamba marehemu alikuwa mwanamke, kwamba alioa, kwamba aliyeolewa ni huyu, na kwamba watoto ni wa nyumba ya marehemu. Nilitumia 'she' mara kumi na moja na 'her' mara tisa, zote sahihi. Sikumwambia shemeji kwamba kulikuwa na njia nyingine. Nilidhani barua sahihi hulipwa mapema zaidi.

Tulirudi Keroka naye. Yeye alikaa kwenye benchi, mimi nikaenda dirishani. Karani alisoma hadi mwisho.

"Mzee, Kiingereza chako kimenyooka," akasema. "Lakini sasa umemfanya marehemu mwanamke."

"Alikuwa mwanamke."

"Na mke wake?"

"Pia."

"Pia nini?"

"Pia ni mwanamke."

Alinyoosha shingo amwone shemeji kule kwenye benchi. Shemeji akamsalimia kwa kichwa.

Karani alimwita mwenzake wa dawati la mikopo, kijana wa hapa kwetu. Kijana alisoma barua akiwa amesimama, akairudisha mezani. "Hiyo ni kawaida huku. Hata nyanya yangu alioa."

"Kwa hivyo nyanya yako ni babu yako?"

"Nyanya yangu ni nyanya yangu. Wewe lipa watu."

"Nilipe nikiandika nini kwa kompyuta? Hapa kuna mume, mke, mtoto, mzazi."

"Weka mke."

Aliweka. Tukangoja wote watatu. "Imekataa," akasema. "Inasema nibadilishe jinsia ya marehemu."

"Basi weka mtoto."

"Mtoto wa nani? Huyu mama ana baba yake na mama yake, wameandikwa hapa." Aliniangalia kwa huruma ya kweli. "Mzee, kwa nini hukuniletea ile ya kwanza?"

Watu kwenye foleni nyuma yangu walikuwa wameanza kutoa maoni. Mmoja alisema korti iliamua hilo zamani. Mwingine alisema dini haikubali. Wa tatu alisema yeye alikuja kuweka pesa tu na kama kuna dirisha lingine aonyeshwe. Karani alinipeleka kwa meneja.

Meneja alikuwa mtu wa makamo kama mimi, mzaliwa wa sehemu za Ogembo, na desturi hiyo hakuhitaji kuelezwa. Alifunga mlango.

"Najua, ndugu yangu. Kwetu pia wapo," akasema. "Lakini mkaguzi wa hesabu akija hatauliza desturi, atauliza karatasi. Lete karatasi ya korti, au lete ndugu wa kiume wa karibu. Wewe ni nani kwa marehemu?"

"Mumewe alikuwa ndugu mkubwa wa baba yangu."

"Na mume hana ndugu mwingine aliye hai?"

"Hana."

"Basi tumemaliza kazi." Alitoa fomu moja kwenye droo. "Jaza hii. Namba inahamia kwako, pesa zinaingia kwako, wewe unampa shemeji yako huko nyumbani. Dakika kumi."

Nilisoma fomu. Ilisema, kwa Kiingereza ambacho sasa nilikielewa chote, kwamba majani chai hayo ni yangu. Meneja alinipa kalamu, na niliishika. Lazima niseme pia kwamba shamba la mama mkubwa linapakana na langu, na kwamba lina udongo mzuri kuliko langu. Nilimwomba muda wa kufikiri, nikaikunja fomu, nikaitia mfukoni. Shemeji aliniuliza kule benchi wamesemaje. Nilimwambia wanataka karatasi moja zaidi, jambo ambalo lilikuwa kweli bila kuwa jibu.

Jioni mke wangu aliikuta fomu mezani. Alisoma hadi pale jina langu lilipopaswa kuandikwa, pakiwa bado patupu.

"Usiandike," akasema.

"Ni ya muda tu. Pesa zikitoka nampa zote."

"Najua utampa. Na ukifa? Watoto wetu watakuta jina la baba yao kwenye hayo majani. Utawaambia ukiwa wapi kwamba ilikuwa ya muda?"

Nilisema watoto wetu ni watu waungwana.

"Waungwana wa mwaka huu," akasema, akaenda kukamua ng'ombe.

Kesho yake asubuhi nilimfuata shemeji shambani kwake nikamweleza yote, kwa mpangilio: duara tatu za karani, barua yangu, kompyuta, fomu ya meneja. Hakuacha kuchuma. Nilipofika kwenye duara, aliuliza, "Angelipa lini?"

"Ijumaa ile."

"Na mama angekuwa mwanamume."

"Kwa makaratasi, ndiyo."

Alichuma kidogo. "Ndevu alikuwa nazo," akasema. "Mbili au tatu, hapa kidevuni. Nilikuwa nazing'oa mimi." Alicheka hadi akaweka kikapu chini, halafu akajifuta macho kwa mkono ulio safi. Nilipofika kwenye fomu hakucheka. "Shemeji, mimi nililetwa kwenye nyumba hii na ng'ombe sita. Kama walikuwa wako, siku hiyo sikukuona."

Nilisema hawakuwa wangu.

"Basi twende hiyo korti."

Ilichukua miezi minane. Chifu aliandika barua yake, akaiandika upya kwa kuwa katika ile ya kwanza naye alimwita marehemu mwanamume, kwa mazoea ya fomu. Mzee wa kanisa alisema hawezi kutia sahihi mambo ya ndoa hiyo, lakini anaweza kutia sahihi kwamba watoto walibatizwa kwa jina la nyumba ile, na alitia. Wazee wawili walioshuhudia mahari walipatikana, mmoja akiwa mzima na mwingine akiwa na kumbukumbu. Tulingoja tangazo la urithi litoke, kisha tukangoja atokee wa kupinga. Mpingaji ambaye sheria ilimtazamia zaidi alikuwa mimi, na ilibidi niape kwa maandishi kwamba sipingi. Mwezi wa Januari karo ilipoitishwa, shemeji aliuza mtamba aliyekuwa karibu kuzaa, kwa bei ya mtu mwenye haraka.

Siku ya kusikilizwa, shemeji alijibu kwa Ekegusii na mkalimani wa korti akatafsiri. Mkalimani alichanganya 'he' na 'she' mara nne. Nilihesabu. Hakimu, mama mwenye sauti ndogo, hakujali hata mara moja. Aliuliza watoto walipozaliwa nani aliwapa majina. Shemeji alisema ni mama mkubwa. Aliuliza mama mkubwa alipougua nani alimwogesha. Shemeji alisema ni yeye. Aliuliza kama kuna mtu mwingine aliyewahi kulima shamba lile. Hapo wazee wawili na mimi tulijibu kwa pamoja kwamba hakuna, tukaambiwa tungoje kuulizwa. Kisha akaandika. Haikufika robo saa.

Karani wa Keroka alipopokea karatasi ya korti alipiga mstari juu ya kisanduku cha uhusiano kwenye fomu, akaandika kwa mkono kwamba ni mrithi kwa amri, na alipoingiza namba ya amri hiyo kompyuta ikakubali neno mrithi bila kuuliza jinsia ya mtu. Alimlipa shemeji siku hiyo hiyo. Namba ya mkulima ilihamia kwake wiki iliyofuata, na majani yake yakaacha kupimwa kwa namba yangu.

Tulikaa nje ya ofisi, kwenye ukuta mfupi, kila mmoja na soda yake. Shemeji alihesabu noti, akazifunga kwenye leso. Halafu akaniomba nifungue kaunta buku.

"Nataka kujua," akasema. "Toka siku ile uliyoandika kweli mpaka leo, tumepoteza ngapi? Weka nauli zote, za wazee pia. Weka kuchapisha, tangazo, chakula. Weka hasara ya mtamba."

"Nauli zangu mimi sitaziweka."

"Ziweke."

Niliziweka. Nilijumlisha mara mbili kutoka juu kwenda chini na mara moja kutoka chini kwenda juu, na majibu yote matatu yalilingana: shilingi elfu kumi na nane, mia saba na arobaini.