Nani Anabonyeza?

Walimpa jina la Mama Dakika kwa kumdhihaki, naye akalipokea kama alivyopokea mambo mengi pale ofisini, bila kucheka. Ofisi yenyewe ni ya maji. Yeye ndiye msimamizi wa mtambo mkubwa, kompyuta iliyowekwa peke yake katika chumba cha baridi chini ya jengo. Skrini zote, kuanzia kaunta hadi ghorofa ya wakubwa, zinautegemea huo. Zile za mezani ni madirisha tu. Kinachofikiri kiko chini.

Mtambo huo haupokei watu ovyo. Umewekewa kikomo cha viti, ndivyo wenyewe wanavyoviita. Kila anayeingia kwa neno lake la siri anashika kiti kimoja, na viti vikijaa, anayefuata anaambiwa hakuna nafasi. Walioambiwa hivyo siku zote walikuwa makarani wa kaunta. Nyuma ya makarani walisimama wananchi, wazee wenye stakabadhi mkononi na kina mama wenye watoto mgongoni, wakielezwa kwamba mtandao uko chini. Ulikuwa uongo. Mtandao ulikuwa mzima kabisa. Viti vilikuwa vimeshikwa na watu ambao hawakuwepo.

Wakubwa walikuwa wakifika asubuhi, wanaacha koti kwenye kiti cha ofisini na jina lao ndani ya mtambo, kisha wanakwenda zao. Hodari kupita wote alikuwa mkuu wa malipo. Alikuwa na mradi wa kufyatua matofali upande wa pili wa mji, na hakuna asiyeujua. Lakini mkurugenzi akichungulia skrini yake, aliona jina la mkuu wa malipo linawaka kijani tangu asubuhi mpaka jioni. Mchapakazi huyo!

Malalamiko ya kaunta yalipozidi, mkurugenzi alimwita msimamizi wa mtambo akamwambia aongeze viti.

"Nikiongeza viti, mkurugenzi, wao wataongeza makoti," alijibu. "Mtambo una uwezo wake. Nikiupakia kupita kiasi utakuwa mzito kwa kila mtu. Viti vinatosha. Watu ndio hawajui kuinuka."

Akaruhusiwa kufanya anavyojua, kwa shingo upande. Asubuhi moja, kabla watu hawajaingia, aliuandikia mtambo amri: atakayekaa dakika kumi bila kugusa chochote atolewe, kiti apewe mwingine. Kufika adhuhuri kaunta ilikuwa nyeupe, mlinzi wa mlangoni akauliza kama wateja wamegoma.

Mkuu wa malipo alishuka ngazi mwenyewe, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Mama, hiki kidude chako kinanitupa nje kama mlevi."

"Kinamtoa asiyefanya kazi, mkuu."

"Usinifundishe. Najua kinakubali sifuri. Niandikie sifuri kwenye kiti changu, yaishe."

Hilo mkuu alilijua vizuri. Kwa mtambo ule, sifuri maana yake ni kwamba huyu asitolewe kamwe.

"Sifuri nimezipa pampu," Mama Dakika alisema, "kwa sababu zinaleta taarifa usiku na mchana na hazina pa kwenda. Wewe ni pampu?"

Karani aliyekuwa kwenye kona akabanwa na kikohozi. Mkuu wa malipo alimtazama mama yule tangu viatuni hadi kilembani. "Tutaonana," akasema, akapanda ngazi zake. Jioni ile jina la Mama Dakika likaanza kuzunguka kwenye korido.

Siku chache baadaye jina la mkuu wa malipo likawa linawaka kijani tena, asubuhi mpaka jioni, bila kutolewa hata mara moja. Mama Dakika aliliona akafurahi. Alidhani mtu ameona haya, ameamua kukaa mezani. Alimdhania mema, na malipo yake yalikuja kwa simu.

Alikuwa mama yake mzazi, sauti juu. "Wewe! Mume wako amekuja hapa na spana, amenifungia maji!"

Mume wake ni fundi bomba wa ofisi hiyohiyo. Na katika nyumba ile baba yake amelala kitandani mwaka wa pili sasa, upande mmoja wa mwili hauna nguvu, anageuzwa na kusafishwa kama mtoto mchanga. Mama mwenye umri ule kalipa maji yake mapema, kama alivyolipa maisha yake yote, halafu anabaki na mashuka machafu na ndoo tupu.

Jioni alimkuta mume wake anavua buti barazani.

"Umemkatia mama maji?"

"Mke wangu, amri imetoka kwenye mtambo. Mtaa mzima umekatwa. Karatasi ina namba ya mita, mimi nafunga."

"Namba ya mita ya nyumba uliyokuja kuposa!"

"Nilimwambia mama, hii si mimi."

"Akasemaje?"

Mume akainamisha kichwa. "Akasema kama si mimi, basi mkono ulioshika spana nimeuazima wapi."

Usiku ule Mama Dakika hakumpa chakula; mume alijipakulia mwenyewe.

Mtaa mzima, na wengi wamelipa. Hapo ndipo alipopata wasiwasi. Amri ya kukata haitoki hivihivi. Mtambo unaleta nyumba moja moja kwenye skrini ya mkuu wa malipo, naye anatakiwa kukagua kama malipo yamefika. Yakiwa yamefika, anairuka. Yasipofika, anabonyeza kitufe cha Enta, nyumba inakatwa na inayofuata inakuja. Hiyo ndiyo kazi anayolipwa mshahara kuifanya: kutazama kabla ya kubonyeza.

Asubuhi waliitwa kwa mkurugenzi. Mkuu wa malipo alikuwa ameshakaa, suti imenyooka, na barua ya kumsimamisha Mama Dakika kazi iko mezani ikisubiri saini.

"Tangu mama huyu aguse mipangilio, mtambo umepata wazimu," alisema. "Unakata watu wenyewe. Mimi napendekeza dakika zake zifutwe leo, na yeye apumzike nyumbani."

Mkurugenzi akachukua kalamu. "Mama, una la kusema?"

"Nina swali moja." Alimgeukia mkuu wa malipo. "Umekaa hapa tangu saa ngapi?"

"Tangu saa mbili. Mimi nawahi kazini, si kama wengine."

Sasa ilikuwa karibu saa tatu. Mama Dakika alivuta simu ya mezani, akapiga chumba cha mtambo, akabonyeza kipaza sauti.

"Kiti cha mkuu wa malipo kinasemaje?"

"Kipo hai, mama," sauti ya mwendeshaji ilijibu. "Kinachapa kazi kuliko vyote."

"Kazi gani?"

"Mama... kinakata. Nyumba baada ya nyumba. Sasa kipo mtaa wa pili."

"Mtoe. Sasa hivi."

"Ametoka."

Hakupandisha sauti. Aliuliza tu, "Mkuu, wewe uko hapa. Nani anabonyeza?"

Mkuu wa malipo akaanza habari ya siri za wateja na ofisi iliyofungwa, lakini mkurugenzi alikuwa ameshasimama. Mlango wa ofisi ya mkuu wa malipo ulifunguliwa. Koti lilikuwa mahali pake. Juu ya kitufe cha Enta, kimelazwa vizuri na kukibonyeza bila kupumzika, kilikaa kipande kizito cha kioo alichotunukiwa mwaka jana, kimechongwa maneno mawili: Kiongozi Bora.

Mhudumu wa chai aliyekuwa anapita alitazama pembeni. Alijua. Katibu muhtasi alijua. Ghorofa nzima ilijua na ilikuwa ikicheka, kwa sababu mabomba yaliyokauka hayakuwa yao. Mtu akiniuliza nani mbaya zaidi, yule aliyeweka kioo au wale waliokipangusa vumbi kila asubuhi, sina jibu la haraka.

Mkurugenzi alikohoa. "Jambo hili libaki humu ndani. Tutampa onyo la mdomo."

"Maji yafunguliwe leo," alisema Mama Dakika, "na yeye afuatane na mafundi, aombe radhi kila mlango kwa mdomo huohuo. La sivyo barua ile isaini, nami nitawaeleza waliokatiwa maji kwa nini nimesimamishwa."

Barua ikachanwa. Walipobaki wawili, mkurugenzi akashusha sauti. "Lakini mimi nina vikao vingi, mama. Kiti changu peke yake, huwezi kukiandikia sifuri?"

Alimtazama mpaka mtu mzima yule akageukia dirisha.

Alasiri Mama Dakika alikuwa uani kwa mama yake, mikono ndani ya povu, akifua mashuka ya baba. Mume wake alikuwa amechutama kwenye mita akikaza nati. Getini mkuu wa malipo, matope yakiwa yameshapanda suruali, alikuwa ameshaomba radhi mlango wa jirani na sasa anabisha huu. Mama mzazi hakumwangalia yeyote kati ya wanaume hao wawili.

Simu ikalia. Mkurugenzi.

"Mama, mtambo umenitoa!"

"Ingia tena, mkurugenzi," alisema. "Na ukishaingia, fanya kazi."

Akakata, akarudi kwenye mashuka.