Dawati Moja, Refu

Baba yangu alikuwa fundi wa kuomba kidogo. Mama akimuuliza kama atakunywa chai, hujibu, "Nusu kikombe tu," na nusu kikombe ndicho alichopewa, kisha tukimwona anakiinamisha kukomba sukari iliyobaki chini. Wali ukipakuliwa, huziba sahani kwa kiganja kabla haujatimia. Mama alikuwa akimwambia, "Wewe hata ukialikwa harusini utaomba ukoko." Tukicheka sote, na yeye akicheka nasi. Hatukujua kwamba tabia ile ingekuja kunifika mie.

Hakuzaliwa hivyo. Unguja alikuwa karani wa hazina, na kazi yake ilikuwa makisio: kila idara inaandika mahitaji yake ya mwaka mzima, yeye anayapanga, wakubwa wanakata wanachokata, mambo yanakwenda. Mwaka 1964 tukaondoka, mie nna miaka minane, tukafikia Maskati, mji wa mababu zetu ambao katika sisi hapakuwa na aliyewahi kuuona. Baba akapata ukarani Matrah, mji wa bandari ulio jirani. Makarani walikuwa watano na viti viwili, na enzi hizo kila kitu cha ziada kilitaka ruhusa, na ruhusa ikitoka mbali huko kusini alikokaa mtawala, kwa barua. Baba, kwa mazoea yake ya Unguja, akaandika barua safi ya kuomba viti vitatu, kabati na taa. Jawabu haikuja. Mwaka uliofuata akaomba kiti kimoja, na kiti kikaja. Tangu hapo akaamini kwamba amekwisha ijua siri ya nchi.

"Omba kidogo," alikuwa akitwambia, "mpaka mwenye kutoa aone haya kukunyima." Na alikalia kiti kile miaka mitano kwa fahari kubwa.

Haja yangu mie ilikuwa skuli. Unguja nilisoma mwaka mmoja tu, na dawati langu nnalikumbuka kuliko ninavyoikumbuka nyumba yetu. Lilikuwa la watu wawili, lina tundu la kuwekea kidau cha wino, na siku moja nilitia kidole ndani ya tundu lile kikakwama, mwalimu akanitoa kwa sabuni. Maskati hapakuwa na dawati la msichana. Ilikuwepo skuli ya serikali ya wavulana, na kaka yangu akaingia. Sisi wasichana tulikwenda chuoni, tukahitimu msahafu, kisha tukarudi nyumbani kukaa.

Mama hakukubali nikae bure. Alikuwa mwalimu wa skuli kabla hatujahama, basi akakusanya wasichana saba wanane wa jamaa zetu waliotoka Unguja, akatangaza kwamba anafunza kushona kofia. Hakuwa muongo. Kofia tulishona, na nzuri. Lakini chini ya vitambaa mlikuwa na madaftari, na hesabu za kuzidisha tulijifunza kwa vitundu vya kofia: mistari mingapi, na kila mstari una vitundu vingapi. Madaftari yakijaa tukiyafuta kwa kipande cha mpira tukaanza upya, mpaka karatasi ikawa nyembamba hata ukiweka kidole nyuma yake kinaonekana.

Kila asubuhi kaka akitoka na mkoba wake, nilimchukia. Nasema kweli, nilimchukia kwa moyo wangu wote mpaka arudi. Na akirudi, ati analalamika skuli inachosha, nami nikimnunia mpaka chakula cha usiku. Leo wajukuu zangu wanaokaa Al Khoudh wanazungushwa skuli nne ili wachague, na mama yao anauliza kama kuna bwawa la kuogelea. Mie hunyamaza kimya garini, maana nikifungua mdomo tutagombana.

Kiangazi cha mwaka 1970 nchi ikapata mtawala mpya, na mji uliokuwa umesinzia ukaamka wote kwa pamoja. Mifuko ya saruji ilipangwa bandarini juu kwa juu, na watu wakipita wanapukuta vumbi jeupe kwenye nyusi. Madukani Matrah redio zilikuwa zikisema zote kwa wakati mmoja. Jamaa waliokuwa Kuwait na Bahrain wakaanza kurudi na masanduku yao, na kila uliyekutana naye alikuwa anajenga, au anakwambia wapi atajenga. Baba akaitwa kwenye ofisi mpya. Serikali sasa ilitaka kujua tangu mwanzo wa mwaka itatumia nini na wapi, si kungoja barua moja moja, na akatafutwa mtu anayejua makisio. Siku ya kwanza alivaa kanzu yake ya Idi. Mama alimfukizia udi kama bwana harusi, na yeye akaona haya.

Kabla mwezi haujesha, alirudi adhuhuri akasimama mlangoni hajavua hata viatu. "Leo nimeandika skuli ya wasichana," alisema. "Nimeiandika kwa mkono wangu."

Mama aliweka sindano chini. Mie nilikwenda jikoni nikasimama mbele ya mtungi wa maji mpaka moyo uliponitulia.

Mambo hayaji moja moja, wiki ile ile ikaja barua ya mjomba, kaka yake mama, aliyekuwa akifanya kazi Kuwait. Amenipatia nafasi katika skuli ya huko, jamaa mmoja anasafiri na ahali zake na atanichukua, ila jawabu aipate upesi. Mama alitaka niende. "Kule skuli ipo," alimwambia baba. "Hapa bado ipo kwenye karatasi."

"Karatasi niliyoiandika mie," baba akajibu, taratibu, kama mtu aliyeumizwa.

Kwetu watoto hawakuwa wakiulizwa, lakini siku ile waliniuliza. Nilikuwa na miaka kumi na minne, mrefu kuliko mama, na Kuwait nilikuwa nikiiona kwenye ndoto. Nikamtazama baba. Alikuwa anajifanya anachagua tende sahanini. Nikasema nitabaki. Mjomba akampa nafasi yangu binti wa shemeji yake, na hapo basi, mlango wa Kuwait ukafungwa.

Skuli ilifunguliwa kwenye nyumba ya kukodi iliyopakwa chokaa, na mama akaajiriwa kuwa mmoja wa walimu. Tulifika mapema sana. Yalikuwepo madawati ishirini, ya watoto wawili wawili, bado yananuka vanishi. Nilichagua safu ya pili. Magoti yangu hayakuenea chini ya ubao, ikabidi nikae upande na miguu nimeitoa nje njiani, na tundu la wino halikuwepo, lakini nilikuwa nimekaa darasani. Nililipapasa dawati lile kama watu wanavyopapasa kitambaa dukani.

Kisha watu wakaja, na wakazidi kuja. Alikuja mchukuzi wa bandarini na binti zake watatu, wamevaa nguo za Idi. Walikuja mabibi wamewashika wajukuu mkono, kutoka Matrah, kutoka Sidab, wengine kwa miguu tangu alfajiri. Uwani mlijaa, barazani mkajaa, na njiani wakasimama. Mwalimu mkuu, mama mmoja mgeni aliyetoka Sham, alihisabu vichwa arubaini akasema nafasi zimekwisha. Mlangoni alikuwa amesimama bibi mmoja na mjukuu wake wa miaka saba hivi. Yule mtoto alishika viatu vyake mkononi ili visichafuke, na hakulia, alikuwa anayatazama madawati tu.

Mama alimwona. Akaja mpaka nilipokaa, akainama, akasema kwa Kiswahili ili wasifahamu wenyeji, "Wewe unajua kusoma. Yule hajui."

"Mama," nikasema.

"Inuka, mwanangu, umpishe."

Nikainuka. Yule mtoto akakaa, miguu yake haikufika chini. Nilirudi nyumbani peke yangu, nimeinamisha uso, na kila niliyekutana naye njiani nilihisi anajua.

Baba alirudi siku ile na halua, ati kusherehekea. Akauliza khabari za skuli. Nikamwambia imejaa. Akasema alhamdulillahi. Nikamwambia, "Imejaa, baba, na mie sina pa kukaa."

Aliiweka halua chini. Nikamuuliza kwa nini aliandika watoto arubaini, na sikumuuliza kwa adabu. Akasema aliwahisabu mabinti wa jamaa zetu wa Unguja, nyumba kwa nyumba, kisha akaongeza kumi kwa ajili ya wenyeji.

"Kumi," mama akasema. Alikuwa ndio kwanza anaingia, buibui halijavuliwa.

"Nilidhani hawataleta wasichana wao."

"Tumejidhania sisi tu ndio wenye kupenda watoto," mama akasema, na hakumlaumu yeye peke yake, maana na mie nilidhani hivyo hivyo.

Kisha baba akatoa lililobaki, na nnamheshimu mpaka leo kwa kulitoa, maana hapana ambaye angelijua. Mkubwa wake, kijana aliyekulia Bahrain, aliisoma karatasi akamuuliza, "Wanatosha arubaini? Ongeza ukitaka." Na yeye akajibu wanatosha. Alikhofu akiongeza watafuta yote.

"Ningelikuwa Kuwait," nikasema, "sasa hivi ningelikuwa darasani."

Hakula siku ile. Na mie nilifurahi kwamba hakula. Namwandika kwa mapenzi, lakini sitajitia uzuri nisiokuwa nao.

Wiki zilizofuata nilikuwa nikifuatana na mama kila asubuhi kumsaidia kazi. Nikifuta ubao, nikiwashika wadogo mikono waandike alifu isipinde, na wakisoma nikikaa pembeni juu ya kasha la chaki. Yule mtoto wa viatu nilimfunza mie kuandika jina lake. Nyumbani sikuwa na maneno na baba zaidi ya "ndiyo" na "siyo". Aliniletea kalamu mpya ya risasi, nikaiacha pale pale alipoiweka, na siku ya tatu akaichukua mwenyewe kimya kimya akaitia mfukoni.

Halafu ofisini wakatakiwa waandike makisio ya nyongeza, kwa sababu kila mahali mambo yalikuwa yamekwenda kama kwetu. Baba akaja na karatasi nyumbani, akakaa mkekani, akamuuliza mama waandikwe wangapi. Mama akasema mia mbili. Baba akaandika mia. Mama akamwangalia tu. Baba akafuta, akaandika mia mbili, na jasho likamtoka kipajini wakati hali ya hewa ilikuwa imeshapoa. Akaandika madawati, mbao, matangi ya maji, mapangaboi, kabati, kisha kabati la pili. Kila akimaliza mstari alivuta pumzi kama mpanda ngazi. Mie nilikuwa nimeinamia kofia, najitia sisikii.

Kiarabu chake cha kuandika hakikuwa imara, kwa hivyo mama alimsomea kusahihisha. Alisoma mstari kwa mstari mpaka wa mwisho, akanitazama. Kisha akausoma kwa sauti: "Dawati moja, refu, la msichana mmoja."

"Mkubwa wako atauliza hili," akamwambia.

"Aulize," baba akasema.

Katika maisha yangu sikuwahi kumsikia akisema neno lile juu ya mkubwa yeyote. Niliinuka nikaenda kumwongeza chai. Nilijaza kikombe mpaka ukingoni, na hakuziba kwa kiganja.

Mkubwa aliuliza kweli. Mapangaboi aliyapunguza nusu, kabati la pili akalipiga mstari mwekundu, na alipofika chini akamuuliza hili ni la nani. Baba akamwambia, "La binti yangu. Nilimsahau kwenye karatasi ya kwanza." Yule kijana akalitia alama ya kukubali akafunga jalada.

Madawati yalikuja asubuhi moja juu ya gari, yamefungwa kwa kamba, yametengenezwa na mafundi wa Matrah. La kwangu lilikuwa limewazidi wenzake kwa kiasi cha shibiri, tulilijua kabla halijashushwa. Lilitiwa nyuma kabisa, karibu na dirisha, nisiwazibe wadogo. Nilikaa. Niliingiza magoti chini ya ubao, yakaingia.

Saa sita mchana bawabu akaja kuniita. Baba alikuwa amesimama nje ya mlango wa uwa, maana wanaume hawaingii, na jua lote lilikuwa juu yake. Huyu ni mtu ambaye hakupata hata siku moja kutoka ofisini kabla ya wakati, hata siku aliyong'oka jino.

"Magoti yameenea?" akauliza.

"Yameenea, baba."

Akatikisa kichwa. Akatia mkono mfukoni, akatoa ile kalamu ya risasi, imeshachongwa, akanipa, na mara hii nikaipokea kwa mikono miwili. Alikuwa ameshageuka kwenda zake aliposimama tena.

"Nilitaka kuandika mawili," alisema, "moja likivunjika liwepo jengine. Nikaona haya."