Malkia kwenye Kiti cha Baba Mkwe

Shoga zangu, mkiniona kwa watu nimesimama mlangoni mpaka nionyeshwe pa kukaa, msidhani najidai, mimi niliumbuka Midrand, huku Afrika Kusini, mbele ya ukoo mzima wa mume wangu, na hata leo nikikumbuka nikiwa peke yangu jikoni najifunika uso kwa mtandio.

Ilikuwa 2019. Ndoa tulishafunga, mimi na Sibusiso (Mzulu, alisilimu mwenyewe bila kusukumwa na mtu, hilo mlijue), lakini mama yake hakuja, alisema magoti yanamuuma. Baadaye akaleta salamu kwamba Jumapili niende nikaonekane kwa wazee. Sibusiso si mtu wa maneno mengi, akaniambia, "Mama asipokukubali siku hiyo sijui nitafanyaje, siwezi kuwa na nyumba mbili zisizosalimiana." Nikakosa usingizi.

Sasa Ijumaa niko saluni kwetu Kensington, namsuka mteja, televisheni inaonyesha kipindi cha historia, binti mfalme wa Ulaya ya kale, zama za farasi na mapanga, kapelekwa nchi ya watu awe mke wa mfalme, lugha haijui, chakula hakimpandi, mama mkwe kanuna. (Mikono ilinisimama kichwani kwa mteja.) Wanaonyesha michoro yao ya zamani, mwanamke kavaa taji, uso mkavu, na msimulizi anasema siku ya kwanza ikulu yule malkia mgeni alikalia kiti kikubwa kuliko vyote, watu wakanong'ona, hakushuka, wakakohoa, hakushuka, mpaka mama mkwe mwenyewe akainuka akamshika mkono, na tangu hapo wakapendana. Nangojea waeleze zaidi, umeme ukakatika. Mgao. Mnaijua Joburg.

Nikamsimulia Bi Zuhura, mama wa Kizanzibari anayeuza vitenge, ambaye huku ugenini ndiye somo yangu. Akapiga makofi.

"Si ndivyo hata kwetu? Bibi arusi hukaa juu akatazamwa! Wende ukakae, mwanangu, na usinyanyue hata kijiko."

Nami, mtoto wa Tanga, nikaona mambo yamejipa.

Jumapili tukafika, Bi Zuhura kanisindikiza, mimi hina mpaka kwenye viwiko, gauni la dhahabu. Sibusiso akachukuliwa na wajomba zake huko nyuma kwenye nyama, sisi tukaingizwa sebuleni. Wazee wa kike wamebanana, wengine chini kwenye mikeka, na pale dirishani kuna kiti kikubwa cha ngozi, kitupu. (Chumba kimejaa vile na kiti kitupu, wala sikujiuliza!) Nikakikalia. Nikainamisha macho, nikapanga mikono hina ionekane. Bi Zuhura akapiga kigelegele.

Hakuna aliyeitikia.

Wakaanza kunong'ona, nikajua wanasifu gauni. Akaja shangazi mmoja akaniwekea mapajani kitambaa cha kichwa na aproni, nikajua zawadi, nikaitikia kwa kichwa, taratibu, kimalkia. Pembeni palikuwa na sinia la vikombe vimepangwa, vinasubiri mtu. Kumbe mtu ndiye mimi! Kwao makoti, yaani mke mpya, siku hiyo hufunga kitambaa akawaandalia wazee chai, ndiyo salamu yake. Mimi nimetulia tu. Mwishowe mama mkwe akainuka na magoti yake yale, akashika birika, akaanza kumimina mwenyewe. Nikajisemea, haya, ameshainuka, sasa atanijia.

Simu ikatetemeka. Sibusiso anaandika: "Umekaa wapi?"

Nikajibu: "Pazuri. Kiti cha dirishani."

"Cha ngozi???"

"Ndiyo."

"Eish. Cha baba. Tangu tumzike hakuna aliyekikalia. Toka!"

Jasho likanitoka hadi kwenye nyayo. Nikajisukuma kwa haraka, mkono ukashika kishikio cha pembeni, na kumbe ni vile viti vya kujilaza, mgongo ukaanguka nyuma, miguu ikarushwa juu, gauni likanifunika uso, na mimi niko humo ndani naita, "Mama! Mama!" sijui nilikuwa namwita mama yupi, wa Tanga au wa pale. Bi Zuhura anavuta mguu mmoja, anapiga kelele, "Stirini mtoto wa watu!"

Ndipo nikahisi mkono mgumu umenishika, ukanivuta mpaka nikasimama. Mama mkwe. Ananitazama, mdomo unamcheza, halafu akacheka, akacheka mpaka akajishikilia kwenye kiti, na machozi yakamtoka, na yale machozi hayakuwa ya kicheko yote. Sibusiso alishaingia mbio, koleo la nyama mkononi, akanitafsiria: "Anasema kilikuwa kinamfanyia baba hivyo hivyo kila Jumapili, na baba naye alikuwa anamwita yeye, 'Mama! Mama!'"

Kisha mama akaniokotea kitambaa, akanifunga kichwani mwenyewe. "Haya, makoti," akasema, akanionyesha vikombe.

Mwezi uliofuata niko kwake, tunamenya viazi, kipindi kile kikarudiwa. Nikakiona chote. Yule malkia alikuwa na miaka saba! Wachoraji wa zamani walikuwa wanawapa watoto sura za watu wazima. Hakukataa kushuka, miguu ilikuwa haifiki chini, na alikuwa analilia kwao.

Nikamweleza mama kwa Kizulu changu cha kuokoteza. Akaitazama televisheni, akanitazama mimi, akasema, "Na wewe ulikuwa hivyohivyo."

Nimeapa sifuati tena mfano wa mtu ambaye habari yake nimeisikia nusu. Na kile kiti, mama siku hizi ananiambia nikalie nipumzike. Nakataa. Nakaa mkekani, miguu chini kabisa.